Maswali Kumi Yaliyokwama Njiani

Mama yangu alijiunga na darasa la ngumbaru kwa sababu ya wageni sitini.

Kikundi cha akina mama cha kanisa letu, huko upande wa Ishiara, kilikuwa na katibu mmoja tangu nikiwa mtoto mdogo. Alikuwa jirani yetu. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba, na hakuna mtu pande zile aliyepewa nafasi ya kulisahau jambo hilo. Kila mkutano alisoma kumbukumbu za mkutano uliopita kwa sauti ya mtangazaji wa taarifa ya habari, mmoja akapendekeza zithibitishwe, mwingine akaunga mkono, kisha waliojua kuandika wakatia sahihi na wasiojua wakatia kidole gumba. Mama alitia kidole gumba kwa miaka mingi bila kuuliza neno. Siku moja kumbukumbu zilisomwa yeye akiwa nje anaangalia chai isifurike. Aliporudi akaonyeshwa mahali pa kuweka kidole, akaweka. Wiki mbili baadaye akajulishwa kwamba kwa hiari yake mwenyewe alikuwa amejitolea kuwapikia wageni sitini kutoka Embu.

Mama hakuwa amejitolea. Alikuwa amekohoa tu wakati jambo hilo likizungumzwa. Alipobisha, jirani alimfungulia kitabu akamwonyesha kidole chake mwenyewe, cha rangi ya zambarau, chini ya maneno ambayo hangeweza kuyasoma. Mama akapika. Alipika ndengu na wali na mbuzi wawili, akawahudumia wageni sitini kwa tabasamu la mtu anayeuma meno, na Jumatatu iliyofuata akanunua daftari na penseli akaenda kuketi kwenye benchi la watoto nyuma ya kanisa, mahali watu wazima wa ngumbaru walipofundishwa kusoma.

Alisoma miaka miwili. Siku zote alikuwa na lengo moja, naye hakulificha: alitaka ukatibu. Hakutaka kuwa mwenyekiti wala mweka hazina. Alitaka kukishika kile kitabu na kuandika ndani yake yaliyosemwa, na yasiyosemwa ayaache nje.

Mimi wakati huo nilikuwa Meru mjini, nikisomea kompyuta katika chuo kilichokuwa orofani juu ya duka la mbolea. Mpaka leo nikisikia harufu ya mbolea nakumbuka C, lugha ya kuandikia programu. Nilikuwa mwanafunzi hodari na nilijua hivyo, jambo ambalo ni ugonjwa. Hasira zangu pia zilikuwa karibu, kama chumvi ya mezani. Mtu akiniuliza swali mara mbili nilimjibu mara ya pili kama ninayezungumza na kiziwi. Mhadhiri wetu, mzee mpole mwenye koti lililopauka, alitufundisha kwamba katika C maneno unayoyatuma kwenye skrini hayaendi moja kwa moja. Yanawekwa kwanza mahali pa kungojea, panapoitwa bafa, na yanatolewa kwa mojawapo ya njia tatu: yakitoka papo hapo bila kungoja, au yakitoka kila mstari unapokwisha, au yakingoja mpaka bafa ijae kabisa. Niliandika hayo kwenye daftari. Kwenye mtihani liliulizwa swali hilo hilo, nikalipata lote, na mhadhiri akaweka alama ya vema nyekundu ambayo nilienda nayo nyumbani kumwonyesha mama.

Mama aliitazama ile alama ya vema muda mrefu. Akaniuliza bafa ni nini. Nikamwambia ni mambo ya kompyuta, hangeelewa.

Mwaka wa pili wa ngumbaru ulipokaribia mwisho, mwalimu wao aliniletea ombi. Alikuwa mtu mwembamba mwenye shauku nyingi, aliyeamini kwamba darasa lake lilikuwa bora kuliko madarasa yote ya watu wazima kutoka mlimani mpaka mto Tana. Afisa wa elimu ya watu wazima angekuja kutoa vyeti, na mwalimu hakutaka wanafunzi wake wasome ubaoni kama wengine. Alitaka mmoja wao afanye mtihani kwa kompyuta, mbele ya watu, afisa akiona. Mmoja huyo angekuwa mama yangu. Akina mama nao walikuwa wamekubaliana kwamba siku hiyo hiyo, baada ya vyeti, kikundi kingechagua katibu, na mama angeruhusiwa kusimama dhidi ya jirani ikiwa watakuwa wamemwona kwa macho yao akisoma na kuandika. Kwa hiyo mtihani wangu ndio ungekuwa mlango. Akipita, angegombea. Akishindwa, kitabu kingebaki kwa jirani mpaka Yesu arudi.

Niliiandika programu kwa siku tatu. Ilikuwa na maswali kumi mepesi. Kompyuta ingeonyesha swali, mama angeandika jibu na kubonyeza Enter, kompyuta ingeandika tena jibu lake baada ya neno Umejibu, kisha SAHIHI au SI SAHIHI, na mwishoni ingetoa alama. Chuo kiliniazima kompyuta moja kuukuu, nikaifunga kwa blanketi mbili na kuishusha kutoka Meru mpaka Ishiara, na tukafanya mazoezi katika chumba cha nyuma cha kinu cha posho sokoni, kwa sababu hapo ndipo stima ilikuwa imefika.

Mazoezi yalianza vibaya. Mama aliulizwa wiki ina siku ngapi, akaandika 7, akabonyeza Enter, na swali lililofuata likapita lenyewe bila kumngoja. Akasema kompyuta imejijibu. Nikamwambia amebonyeza mara mbili. Akasema amebonyeza mara moja. Tulibishana hivyo kwa muda mrefu, mimi nikipandisha sauti, unga wa kinu ukitudondokea vichwani, mpaka nikaona mwenyewe kwamba alikuwa anasema kweli. Programu ilikuwa inaichukua ile 7 na kuiacha Enter mlangoni, na swali lililofuata lilipofungua mlango liliikuta pale na kuipokea kana kwamba ndiyo jibu. Niliondoa amri ya kusoma iitwayo scanf, nikaweka fgets, inayosoma mstari mzima pamoja na mkia wake, na tatizo likaisha. Sikumwomba mama msamaha. Nilimweleza jinsi nilivyolitatua, kwa kirefu, kama mtu anayestahili pongezi.

Baada ya hapo tuliijaribu mara nyingi mno. Mama alijibu maswali ya mazoezi yote, akiandika kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, kile cha shahada, akikiinua juu na kukishusha kwa uangalifu. Nilimwahidi kwamba siku yenyewe nitaweka maswali mapya lakini mepesi vilevile. Nilikuwa na uhakika na programu yangu kuliko nilivyokuwa na uhakika na mvua za Aprili.

Siku ilikuwa Ijumaa, na jua la Ishiara lilikuwa jua la Ishiara. Kanisa lilijaa. Jirani alikuwa ameketi benchi la mbele akiwa amevaa sweta mpya ya sufu, kwa maana ilikuwa mpya na watu lazima waione, na jasho lilimtiririka kwa heshima. Nje ya dirisha jenereta ilinguruma. Afisa aliwekwa kwenye kiti cha wageni mbele, akapewa soda, akaimaliza, akapewa nyingine.

Mwalimu alikuwa amepanga kila kitu. Meza ya kompyuta iliwekwa mbele, mama akiwa amewaelekea watu kama hakimu, na mgongo wa skrini ukiwaelekea wao, ili yeyote asione maswali na kumnong'oneza majibu. Ngumbaru walikuwa na sifa mbaya ya kunong'onezana. Mimi nilikatazwa kukaribia meza mara tu mtihani utakapoanza. Desturi ya mitihani yao ilikuwa kwamba jamaa ya mtahiniwa hukaa mlangoni, na mwalimu hakutaka afisa aseme kwamba msichana alimfanyia mama yake kazi.

Nilikuwa tayari kuanzisha programu afisa aliponyoosha mkono. Akauliza kama kutakuwa na nakala ya mtihani ya kubaki ofisini.

"Kila kitu lazima kiwe kwa file," akasema. "Bila file, hakuna mtihani."

Nikatabasamu. Hilo lilikuwa jambo dogo kwa mtu kama mimi. Kulikuwa na amri moja, tee, ambayo unaiunganisha mbele ya programu yako, nayo inayapokea maandishi yote, inayaandika kwenye faili na wakati huohuo kuyapitisha kwenye skrini. Nikaiongeza bila kufikiri hata kidogo, nikabonyeza Enter, nikamwachia mama kiti, na nikaenda kusimama mlangoni nikiwa nimekunja mikono kifuani.

Mama aliketi. Akaitazama skrini. Sisi sote tukamtazama yeye.

Dakika ikapita. Mama hakugusa kitu. Macho yake yalikwenda kushoto, yakaenda kulia, yakarudi. Watu wakaanza kusogea kwenye mabenchi. Mwalimu alitoa leso akajifuta shingo. Jirani aligeuka taratibu kuwatazama walioketi nyuma yake, kuhakikisha kwamba wote wanaona anachokiona.

Mama akainua kichwa. Alinitafuta mimi, kule mlangoni, juu ya vichwa vya watu wote.

"Hakuna kitu hapa," akasema.

Nakumbuka vizuri nilichokisikia ndani yangu, na sikipendi. Nilisikia hasira. Nilifikiri: miaka miwili ya ngumbaru, siku kadhaa kwenye vumbi la unga, na leo woga umemfutia herufi zote kichwani. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba mama angeweza kuwa anaona sawasawa. Programu nilikuwa nimeijaribu mara nyingi. Mama nilikuwa nimemjaribu mara chache.

"Mama, kipo," nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, na ili isiwe aibu yangu. "Soma tu pole pole."

Alinitazama kidogo zaidi. Kisha akainamia kibodi, akainua kile kidole cha shahada, akaanza kuandika.

Kanisa lote likashusha pumzi. Mwalimu alimwonyesha afisa kwa kidevu: anaandika. Afisa akaitikia kwa kichwa. Mama aliandika kwa muda ambao ungetosha kupika ugali na mboga yake. Aliandika, akabonyeza Enter, akafikiri, akatazama huku na huku kanisani, akaandika tena. Mara moja alimtazama afisa kwa makini kabla ya kuandika. Mara moja alimtazama jirani. Mimi nilihesabu Enter zake kwa mwendo wa bega lake, na ilipofika ya kumi nilijua mtihani umekwisha.

Mama aliruka kidogo kwenye kiti. Baadaye alinieleza kwamba wakati huo skrini ilitapika. Maandishi yalimiminika mengi kwa mara moja, yakapanda juu na kupotea, na ikabaki mistari ya mwisho tu.

Mwalimu alimwomba afisa asome matokeo. Afisa akavaa miwani, akasogea, akasoma mstari wa mwisho kabisa kwa sauti ya serikali.

"Alama, sufuri kwa kumi."

Halafu jirani akasema, kwa upole mwingi, kwamba machine haina chuki na mtu, na kwamba kusoma ni kitu ya kuanza mapema. Wanawake wawili wakaguna kumuunga mkono. Mwalimu aliketi chini. Mama alikuwa ameweka mikono yake mapajani na kuitazama, mikono mikubwa ya jembe, na nilipomwona hivyo niliumia, lakini nitasema ukweli: hasira ilikuwa bado mbele ya maumivu. Niliuacha mlango bila ruhusa, nikapita katikati ya mabenchi ili nifungue ile faili na nijue amekosea wapi. Nilitaka kumwonyesha.

Nikaifungua. Afisa, ambaye sasa alikuwa ameingiwa na udadisi na hakuwa na soda nyingine, akaanza kusoma kwa sauti kabla sijamzuia.

Swali la kwanza lilikuwa: Leo ni siku gani? Mama alikuwa amejibu: leo ni ijumaa. Kompyuta ilikuwa imesema SI SAHIHI. Afisa alisita, akatazama saa yake kama mtu anayetaka kuhakikisha, akaniuliza kama leo si Ijumaa. Nikamweleza kwa haraka kwamba programu ilikuwa inatarajia neno moja tu. Akaendelea.

Taja mnyama mwenye pembe. Umejibu: bwana afisa amefika.

Kulitokea sauti ndogo nyuma ya kanisa, ya mtu anayejikaza asicheke. Afisa alisoma tena mstari huo kimya, akakohoa, akaenda kwenye swali la tatu.

Mtu mmoja ana macho mangapi? Umejibu: watu wote wananiangalia.

Taja zao linalostahimili jua kali. Umejibu: jirani amevaa sweta.

Hapo kanisa likapasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakashika mabenchi, na jirani, ambaye alikuwa amelowa mpaka kiunoni, hakujua aivue ile sweta au abaki nayo. Afisa mwenyewe alicheka, kwa kuwa sasa hakuwa yeye tu. Akasoma la tano, maji ya kunywa hufanywaje ili yawe salama, ambalo mama alikuwa amelijibu: mwalimu anatoka jasho. La sita liliuliza ni nani huandika kumbukumbu za mkutano. Umejibu: swali halijafika. La saba, taja kitu kinachotiwa kwenye chai. Umejibu: ninangoja. La nane, jua huchomoza upande gani. Umejibu: hapa ni giza tupu.

Mimi sikuwa ninacheka. Nilikuwa nimeanza kuelewa kwenye lile la sita, na kufikia la nane masikio yalikuwa yanawaka moto.

Maswali yalikuwa hayajafika. Mama alikuwa amesema kweli. Programu ya C ikiongea na skrini, hutoa maneno mstari kwa mstari, na hapo ndipo nilipoijaribu kila siku kwenye kinu cha posho. Lakini ukiielekeza kwenye programu nyingine, kama nilivyoielekeza kwa tee ili afisa apate faili yake, hubadilisha tabia bila kukuambia. Huona kwamba hakuna mtu anayengoja upande wa pili, basi huyaweka maneno kwenye bafa mpaka ijae, au mpaka kazi iishe. Maswali yangu kumi hayakuwa mengi ya kuijaza. Yalikaa humo yote, moja baada ya jingine, huku mama akiyajibu bila kuyaona, na yakatoka kwa pamoja wakati hapakuwa tena na wa kuulizwa. Hilo ndilo swali nililolipatia alama zote kwenye mtihani wa Meru.

Mama alikuwa amekalishwa mbele ya ukurasa mtupu. Kwenye ngumbaru, ukipewa ukurasa mtupu unaandika tarehe au siku, kisha unaandika habari. Hivyo ndivyo walivyofundishwa na hivyo ndivyo alivyofanya. Aliandika habari za kanisa lile, mstari kwa mstari, bila kukosea herufi.

Afisa akasoma la tisa. Ni nani huwafundisha watoto shuleni? Umejibu: msichana wangu anasema maandishi yapo.

Kicheko kilipungua. Afisa akasogeza miwani kutazama la kumi, midomo yake ikafunguka, akaifunga. Alinigeuzia skrini.

"Hii ya mwisho ni yako," akasema. "Soma wewe."

Nikaisoma kimya kwanza. Swali langu la kumi lilikuwa la kumfurahisha afisa: Je, unapenda kusoma? Chini yake mama alikuwa ameandika: hayapo ila naandika asiaibike.

Nilifungua mdomo ili nisome kwa sauti. Sauti haikutoka. Nilijaribu tena. Nilisimama pale mbele ya watu wote, msichana wa chuo, mwenye alama ya vema nyekundu, na sikuweza kusoma maneno manne. Nilisikia jirani akimwuliza mwenzake, kwa mshangao wa kweli safari hii, kama hata huyu pia hajui kusoma.

Basi mama akainuka kutoka kwenye kiti chake. Akanisogeza pembeni kwa kiganja, kama anavyomsogeza mbuzi mlangoni, akaweka kile kidole cha shahada kwenye skrini, chini ya neno la kwanza, na akawasomea watu kwa sauti pana, tulivu, kidole kikitembea.

"Hayapo, ila naandika."

Kidole kilifika mwisho wa mstari. Mama akakiondoa, akawatazama watu, akaketi.

Makofi yalipigwa mpaka jenereta haikusikika. Mwalimu alisimama tena. Mimi nikainua mikono watulie, na nikasema, kwa sauti iliyokuwa imerudi nusu, kwamba kosa lilikuwa langu, kwamba skrini ilikuwa tupu kama mama alivyosema, na kwamba niliambiwa na sikusikia. Wakataka kujua skrini ilikuwaje tupu na maswali yapo. Nikawaambia wafikirie punda. Hakuna mtu wa Ishiara anayemtuma punda kutoka mtoni na kikombe kimoja cha maji. Anangoja mitungi yote minne ijae ndipo ampige kofi la mgongo. Programu yangu ilikuwa mtoni inangoja mitungi ijae, na mama yuko nyumbani ana kiu. Walielewa mara moja. Mwanamke mmoja aliuliza kwa nini basi sikumwambia punda aende na alichonacho. Nikamwambia kuna amri ya hilo kabisa, inaitwa fflush, unaiweka baada ya kila swali, na nyingine ya kumwambia punda asingoje mitungi tangu mwanzo. Akauliza ni ndefu kiasi gani. Nikasema mstari mmoja.

"Mstari mmoja," mama akarudia kutoka kwenye kiti.

Niliuweka ule mstari hapo hapo, nikaijenga programu upya, nikaianzisha pamoja na tee yake, na swali la kwanza likatokea mara moja. Mwalimu alimwomba mama arudie mtihani. Mama akasema yeye amekwisha kuandika, na kama kuna mtu mwingine anayetaka kuonyesha elimu, kiti ndicho hicho. Watu wakamtazama jirani. Jirani akaja, sweta na yote, akaulizwa leo ni siku gani, akaandika Ijumaa kwa herufi kubwa nzuri ya mwanzo kama alivyofundishwa tangu darasa la kwanza. Kompyuta ikamwambia SI SAHIHI. Nilikuwa nimeandika jibu langu kwa herufi ndogo. Alisimama akasema machine hii iko na ubaguzi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilikuwa upande wake.

Uchaguzi haukuchukua muda. Mwenyekiti aliuliza ni akina nani wanaotaka mama aandike, na mikono ikainuka mpaka ile ya wale wawili walioguna. Mama mmoja mzee alieleza sababu yake bila kuulizwa: mtu anayeandika alichokiona, hata akiambiwa na mtoto wake kwamba ameona kingine, kitabu kitakuwa salama kwake. Jirani alikileta kitabu mwenyewe kutoka kwenye mkoba wake na kukiweka mezani. Sikuona uso wake kwa sababu alikuwa anaivua sweta.

Tulirudi nyumbani saa kumi, jua likiwa bado na nguvu, kompyuta nimeibeba mgongoni kwa zile blanketi na mama kitabu kwapani. Njiani nilikuwa natafuta maneno ya kuomba msamaha na kila niliyoyapata yalikuwa marefu mno, yenye maelezo ndani yake. Tulipofika kwenye shamba letu la ndengu nikaacha kuyatafuta. Nikamwambia tu kwamba pale mbele, alipowasomea watu ule mstari wa mwisho, kulikuwa na neno moja aliloliruka.

Mama alihamisha kitabu kwenye kwapa la pili.

"Nililisoma," akasema. "Sikulitamka."